Kabla hujabonyeza kitufe cha laivu: mwongozo kamili wa kuanza kurusha matangazo mubashara mtandaoni

Laivu yangu ya kwanza niliongea dakika 22 bila mtu yeyote kunisikia. Kamera ilikuwa imekaa sawa, taa inawaka, karatasi yenye mada nimeibandika pembeni ya skrini. Watu 9 wakaingia. Nikaanza kuonyesha namna ya kubadilisha nyuzi za gitaa, nikaeleza, nikatania, nikacheka mwenyewe. Chati ilikuwa imefunikwa na dirisha jingine la kompyuta, kwa hiyo sikuona "hatukusikii" na "washa maiki" zikifuatana. Nilipokuja kuifunua, alikuwa amebaki mtazamaji mmoja, naye ameandika: "Endelea tu, mimi naangalia mikono." Maiki niliizima mimi mwenyewe, kwa kitufe chake cha pembeni, nilipokuwa nikijaribu vifaa nusu saa kabla.

Video ya kurekodi inakusitiri. Ukikosea unafuta, unarudia, unakata. Laivu haikupi nafasi hiyo, na watu huipenda kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi inayofanyika kabla ya kuingia hewani. Ukishaingia, akili yako iwe kwa watazamaji, isiwe chini ya meza inatafuta waya.

Hatua ya 1: Jiulize kama ni laivu kweli unayoitaka

Kipimo ninachotumia ni hiki: nikiiondoa chati, kipindi kinapungukiwa na nini? Darasa ambalo wanafunzi wanauliza maswali katikati, gemu ambalo watazamaji wanabishana juu ya hatua inayofuata, fundi anayefungua kifaa kilichoharibika bila kujua atakuta nini ndani: vyote hivyo vina uhai kwa sababu mtazamaji anaweza kuingilia, au angalau hajui mambo yataishia wapi. Lakini kama utasoma maelezo kwa dakika 40 bila kumjibu mtu, rekodi video, ikate ibaki dakika 12, ipakie. Utakuwa umemwokolea mtazamaji muda na bando.

Ukiamua kwamba ni laivu, usiandike hotuba neno kwa neno. Utasikika kama msoma risala. Andika vituo 5 au 6 vya kupitia, kila kimoja mstari mmoja. Kwa mara ya kwanza panga dakika 30 hadi 45. Chini ya hapo watu hawajamaliza hata kuingia, na zaidi ya hapo utachoka kabla hujazoea.

Kumbuka pia kwamba watazamaji wa laivu hupanda kama abiria wa basi, kila mmoja kituo chake. Anayeingia dakika ya 18 hajui wewe ni nani wala mnazungumzia nini. Kila baada ya dakika 10 hivi sema sentensi moja ya kumpokea: "Kama umeingia sasa hivi, tunabadilisha nyuzi za gitaa, tumefika ya tatu." Waliokuwepo hawachukii, na huyo mpya hapotei.

Hatua ya 2: Chagua jukwaa moja, ulifungue mapema

Nenda waliko watu wako. Kama wateja au wanafunzi wako wako Facebook, hakuna haja ya kuwahamishia Twitch kwa sababu tu umesikia ndiko waliko wachezaji wa gemu. Kurusha kwenye majukwaa matatu kwa mpigo kunawezekana, ila kwa mgeni ni kujitafutia chati tatu za kusoma na matatizo matatu ya kutatua. Anza na moja.

Neno "mapema" si la mapambo. Kwenye YouTube lazima uithibitishe chaneli yako kwa namba ya simu, na kufunguliwa kwa laivu mara ya kwanza kunaweza kuchukua hadi saa 24. Ukitaka kurusha kwa simu kupitia programu yao unahitaji angalau wafuatiliaji 50, na tangu Julai 2025 mtu wa chini ya miaka 16 haruhusiwi kurusha peke yake. Facebook wanataka akaunti iwe na siku 60 tangu kufunguliwa, na ukurasa au wasifu wa kitaalamu uwe na wafuasi 100. Instagram tangu Agosti 2025 wanataka akaunti iliyo wazi kwa umma yenye wafuasi 1,000. TikTok nao wana masharti ya umri na wafuasi, yanayotofautiana kati ya eneo na eneo. Twitch hawaulizi idadi ya wafuasi kabisa. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo fungua programu yenyewe uone kama kitufe cha laivu kipo kwako. Usisubiri kugundua siku uliyowatangazia watu.

Angalia na rekodi inakaa wapi baadaye. YouTube huhifadhi laivu yenyewe kama haikupita saa 12. Facebook, tangu Februari 2025, hufuta rekodi za laivu baada ya siku 30, kwa hiyo kama unaitaka lazima uipakue. Twitch pia huzihifadhi kwa muda mfupi tu.

Hatua ya 3: Intaneti, hapa ndipo laivu nyingi hufia

Mtu akikwambia intaneti yake ina kasi, karibu kila mara anamaanisha kasi ya kupakua, ile inayomwezesha kutazama video bila kukwama. Laivu inakwenda upande wa pili: wewe ndiye unayetuma. Unayoihitaji ni kasi ya kupakia, na katika huduma nyingi za nyumbani na za simu hiyo huwa ndogo mno ukilinganisha na ya kupakua. Unaweza kuwa na Mbps (megabiti kwa sekunde) 50 za kupakua na 5 tu za kupakia.

Fungua tovuti yoyote ya kupima kasi na uangalie namba ya kupakia. Pima mara tatu, mahali pale pale utakapokaa, saa ile ile utakayorusha. Saa mbili usiku, majirani wote wakiwa wanatazama filamu, si sawa na saa nne asubuhi. Tuseme umepata 7.2, kisha 6.8, kisha 4.1. Wengi hapo hutafuta wastani. Usifanye hivyo. Chukua 4.1, kwa sababu laivu haikatiki kwenye wastani, inakatika pale kasi inaposhuka.

Sasa linakuja neno utakalokutana nalo kila mahali: bitireti, yaani kiasi cha data unachotuma kila sekunde. Mimi huweka bitireti isiyozidi theluthi mbili ya kasi ndogo niliyopima, na nikiwa natumia mtandao wa simu nashuka hadi nusu. Kwa mfano wetu wa 4.1 Mbps, naweka 2,500 kbps (kbps 1,000 ni Mbps 1), ukubwa wa 720p, yaani picha yenye mistari 720 kwa kimo, fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde. Mwongozo wa Twitch unataja 3,000 kbps kwa 720p ya fremu 30 na 6,000 kwa 1080p ya fremu 60, na YouTube hupendekeza zaidi ya hapo, kwa hiyo 2,500 iko chini kidogo. Lakini picha yenye ukungu kidogo isiyokatika inatazamika. Ile safi inayoganda kila dakika mbili humfukuza mtu.

Bando nalo lihesabu kabla. Hesabu yenyewe si ngumu: jumlisha bitireti ya picha na ya sauti, gawa kwa 8, zidisha kwa sekunde 3,600, kisha gawa kwa milioni moja upate GB kwa saa. Video ya 2,500 na sauti ya 128 inakula karibu GB 1.2 kwa saa. Ukipandisha hadi 6,000 inafika karibu GB 2.8. Ongeza na mazoezi, maana nayo yanakula.

Kama unatumia ruta, chomeka kompyuta kwa waya. Waya mrefu unaopita ukutani haupendezi machoni, lakini ndio uliomaliza matatizo yangu mengi kuliko kifaa chochote nilichonunua. Waya ukishindikana, kaa karibu na ruta na tumia Wi-Fi ya 5 GHz. Ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi lakini inagombaniwa na kila kifaa cha jirani, hata oveni ya maikrowevu. Na kama intaneti yako inatoka kwenye simu, unganisha simu na kompyuta kwa kebo ya USB badala ya hotspoti, utapata muunganisho uliotulia na simu itapata chaji.

Kisha wafunge wezi wa kasi: masasisho ya kompyuta, programu zinazohifadhi picha mtandaoni, simu za watu wengine ndani ya nyumba zinazopakia video zao. Waombe wenzako nyumbani, kwa upole, wakupe saa moja.

Hatua ya 4: Sauti kabla ya picha

Mtazamaji husamehe picha mbaya. Sauti mbaya haisamehe. Atavumilia kamera ya zamani, atavumilia ukuta wenye nyufa nyuma yako, lakini mwangwi na mkwaruzo vikimchosha masikio anaondoka bila kuaga. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu, nunua maiki.

Wala isiwe ya ajabu. Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, yenye waya, iliyochomekwa kwenye simu, inaishinda maiki ya gharama iliyowekwa mbali. Umbali ndio siri yenyewe: shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya herufi "p" na "b" isiigonge moja kwa moja. Kila unaposogea nyuma, chumba kinaingia na wewe unatoka.

Ukinunua maiki ya mezani utakutana na aina mbili. Kondensa husikia kila kitu, pamoja na feni na mbwa wa nje, na inafaa chumba kilichotulia. Dainamiki husikia vizuri kilicho karibu na kupuuza sehemu kubwa ya yaliyo mbali, na kwa nyumba yenye watu ndiyo ningeichagua. Chumba kikiwa kitupu na kina mwangwi, tandika chini, vuta mapazia, fungua kabati la nguo nyuma ya kamera. Sifongo za ukutani zinaweza kusubiri.

Halafu vaa hedifoni. Spika zikiwa wazi, sauti ya mgeni wako au ya video unayoonyesha itatoka, itaingia tena kwenye maiki, na watazamaji watasikia kila neno mara mbili.

Hatua ya 5: Mwanga na kamera, kwa ufupi

Kamera ya simu yoyote ya miaka ya karibuni inatosha, na mara nyingi ile ya nyuma ni bora kuliko ya mbele. Kinachokosekana huwa ni mwanga. Kaa ukiangalia dirisha, usilipe mgongo. Ukilipa mgongo utaonekana kivuli chenye meno. Usiku weka taa moja mbele yako, juu kidogo ya macho na pembeni kidogo, uielekeze ukutani au uifunike kwa karatasi nyeupe isiyogusa balbu ili mwanga usiwe mkali. Picha ikionyesha mistari inayotembea, huo ni mgongano wa kamera na mzunguko wa umeme wa taa. Tafuta kwenye mipangilio ya kamera sehemu ya 50 Hz na 60 Hz, badilisha, mistari itakwisha.

Kamera iwe usawa wa macho. Panga vitabu chini ya kompyuta kama huna stendi. Simu iwe kwenye traipodi, na amua kabla ya kuanza kama itasimama au italala, kwa sababu ukishaingia hewani programu nyingi hazikuruhusu kubadilisha.

Hatua ya 6: Programu ya kurushia

Kwa simu, programu ya jukwaa lenyewe inatosha kabisa kuanzia. Washa hali ya usisumbuliwe, maana simu ikipigwa katikati inaweza kukata sauti au laivu nzima. Chomeka chaja, vua kava ili simu isipate joto sana, na usiiweke juani. Simu ikizidi joto hujipunguzia nguvu, picha ikaanza kurukaruka bila wewe kuelewa kwa nini.

Kwa kompyuta, wengi hutumia OBS Studio. Ilianza mwaka 2012, ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Ipakue kwenye tovuti yao wenyewe, obsproject.com. Ukikuta mahali wanakuuzia, toka.

OBS inakutisha siku ya kwanza, lakini ina mambo mawili tu ya msingi. La kwanza ni mandhari: kila mandhari ni mpangilio mmoja wa skrini. La pili ni vyanzo, yaani vitu unavyoweka ndani ya mandhari: kamera, maiki, dirisha la programu fulani, picha, maandishi. Vyanzo hupangana kama picha juu ya meza, cha juu kwenye orodha hufunika cha chini. Kamera yako ikipotea, mara nyingi haijaharibika, imelaliwa.

Tengeneza mandhari tatu na utosheke: "Tunaanza hivi punde", "Kipindi", na "Narudi sasa hivi". Hiyo ya tatu utaishukuru siku mtoto atakapoingia chumbani akilia. Ukionyesha skrini, chagua kuonyesha dirisha moja, usionyeshe skrini yote. Ujumbe wa faragha hupenda kuingia wakati watu wamekaza macho.

Mipangilio: nenda sehemu ya kurusha, chagua jukwaa, unganisha akaunti yako au bandika ufunguo wa kurushia. Ufunguo huo ni herufi na namba ndefu unazopewa na jukwaa, na yeyote aliye nao anaweza kurusha chochote kwa jina lako. Usiuonyeshe hewani, usiupige picha. Ukihisi umeonekana, omba mpya hapo hapo, ule wa zamani utakufa.

Kwa picha weka bitireti isiyobadilika, ile wanayoiandika CBR, na umbali wa fremu kuu (keyframe, picha kamili ambayo zinazofuata hujengwa juu yake) uwe sekunde 2. Kuhusu enkoda, yaani kinachobana video kabla ya kutumwa, kama kompyuta yako ina kadi ya michoro ya miaka ya karibuni, ipe hiyo kazi. Ukiichagua x264, enkoda isiyotumia kadi hiyo, kazi inaangukia prosesa, na kompyuta ya kawaida itaanza kuhema.

Sasa rudi kwenye sauti. Kipimo cha sauti cha OBS, kinachohesabu kwa desibeli, kina kijani hadi -20, njano kutoka -20 hadi -9, na nyekundu kuanzia hapo kwenda 0. Ongea kama utakavyoongea kwenye kipindi, kwa nguvu zile zile, na hakikisha sauti inacheza kwenye njano. Cheka kwa sauti kubwa pia, maana kicheko ndicho kinachovuka kwenda nyekundu. Bofya kulia juu ya maiki, ingia kwenye vichujio, ongeza cha kupunguza kelele kisha limita ya kuzuia sauti isipasuke. Viwili hivyo vinatosha.

Kuna jaribio moja la mwisho ambalo wengi hawalifanyi. Rekodi sekunde 10 ukiwa mbele ya kamera na upige kofi moja. Itazame polepole. Kama mikono imekutana na mlio umefuata baadaye, au umetangulia, sauti na picha haziendi pamoja. Picha ndiyo huchelewa mara nyingi. Fungua mipangilio ya juu ya sauti, icheleweshe sauti kwa milisekunde kadhaa, piga kofi tena. Kwangu huwa namaliza ndani ya makofi matatu au manne.

Hatua ya 7: Laivu ya uongo

Kama utaruka hatua zote, usiruke hii. Siku moja au mbili kabla, rusha laivu kamili ambayo haionekani na umma. YouTube wanakuruhusu kuiweka binafsi au isiyoorodheshwa, na Facebook unaweza kuchagua uione wewe tu. Fanya dakika 20 nzima, kwa saa ile ile utakayorusha siku yenyewe, ukiongea kweli. Dakika mbili hazionyeshi chochote: joto la simu, kushuka kwa intaneti, maiki isiyo na chaji, vyote huja baada ya robo saa.

Chukua simu nyingine, izime Wi-Fi, ingia kama mtazamaji kwa data na hedifoni. Hapo ndipo utasikia wanachosikia wao, na kile kinachosikika kwenye kompyuta yako hakina maana tena. Mpe rafiki kiungo kama unaye mkweli. Asiye mkweli atakwambia "iko poa", na haitakusaidia.

Wakati huo washa kurekodi ndani ya kompyuta pia, huku unarusha. Intaneti ikikatika hewani, nakala yako itabaki nzima. Nafasi kwenye diski iangalie kabla.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Tangaza siku mbili au tatu kabla, kisha tena saa moja kabla. Kichwa cha laivu kiseme kitakachotokea: "Tunabadilisha nyuzi za gitaa pamoja, leta lako" kinamwita mtu kuliko "Laivu ya leo".

Washa vifaa nusu saa kabla. Zima na uwashe upya kompyuta. Weka maji karibu. Fungua chati kwenye kifaa cha pembeni, simu au tableti, ambacho hakuna dirisha litakaloifunika. Unajua kwa nini nasema hivi. Rusha mandhari ya "Tunaanza hivi punde" kwa dakika tatu hadi tano, isizidi, kisha ingia, na swali lako la kwanza liwe: "Mnanisikia vizuri?" Usiendelee mpaka mtu ajibu.

Lakini jibu halitakuja papo hapo. Kati ya wewe kusema na mtazamaji kusikia hupita sekunde kadhaa, wakati mwingine zaidi ya nusu dakika, kutegemea jukwaa na mipangilio. YouTube wanakuwezesha kuchagua ucheleweshaji wa kawaida, mdogo au mdogo sana. Mdogo sana unafaa kwa maswali na majibu, ila unakuachia akiba ndogo intaneti ikiyumba. Kwa hiyo ukiuliza swali, endelea na jambo jingine dogo, kisha urudi kwenye majibu. Ukinyamaza kuyasubiri, kimya kitakuwa kirefu na cha aibu.

Swali likija, lisome kwa sauti na utaje jina la aliyeuliza. Atakayetazama rekodi baadaye huenda asione chati kabisa. Na kama hakuna mtu, au wako wawili, ongea vile vile. Eleza mikono yako inachofanya: "Hii ya nne imekaza, nailegeza taratibu, sikilizeni inavyolia." Namba ya watazamaji ifiche kama inakutia unyonge, maana kuitazama ikishuka huondoa nguvu kwenye sauti, na watu wanasikia.

Mambo yakiharibika hewani

Yataharibika. Muhimu ni kujua ni lipi. OBS ina kidirisha cha takwimu, kifungue kikae kando. Kina mistari mitatu inayohusu fremu zilizopotea, na kila mmoja una mkosaji wake. Fremu zikipotea kwenye mtandao, tatizo ni intaneti: punguza bitireti, na kama uliwasha bitireti inayojirekebisha, itashuka yenyewe. Zikipotea kwenye uchoraji wa picha, kadi ya michoro imezidiwa, aghalabu na gemu unalocheza: punguza ubora wa gemu. Zikipotea kwenye enkodi, kinachobana video kimelemewa: shusha ukubwa wa picha au fremu. Watu wengi humlaumu mtoa huduma wa intaneti kwa kosa la prosesa.

Intaneti ikikatika kabisa, usifunge chochote kwa haraka. OBS hujaribu kujiunganisha upya, na majukwaa mengi hukusubiri kwa muda mfupi kabla ya kuifunga laivu. Simu yenye bando iwe tayari pembeni kama akiba. Ukirudi, sema neno moja tu la kuomba radhi na uendelee. Nimeona laivu ambazo nusu yake ni mtu akieleza kwa nini ilikatika.

Wasumbufu, muziki wa watu, na mengine yanayoweza kukufungia

Kabla ya kuanza, weka orodha ya maneno yaliyozuiwa kwenye chati na uwashe hali ya kupunguza kasi, inayomlazimu kila mtu kusubiri sekunde kadhaa kati ya ujumbe na ujumbe. Mtafute mtu mmoja unayemwamini awe msimamizi wa chati mwenye mamlaka ya kufuta na kufungia. Msumbufu akija, usibishane naye kwa sauti. Anachotafuta ni jina lake kutajwa. Mfungie kimya kimya na endelea na sentensi yako.

Muziki: wimbo kuwa kwenye simu yako, au umeulipia, hakukupi haki ya kuurusha. YouTube huchunguza laivu zenyewe kwa mfumo wao wa Content ID, unaotambua kazi zenye hakimiliki, na wanaweza kuweka picha tuli badala ya laivu yako au kuikata. Twitch hunyamazisha sehemu za rekodi. Tumia muziki wa maktaba zinazoruhusu kurusha, na soma masharti yake. Redio ya jirani inayosikika kwa mbali nayo inaweza kukuletea shida, hivyo funga dirisha.

Angalia pia nyuma yako. Bahasha yenye anwani, namba ya gari, sare ya shule ya mtoto, dirisha linaloonyesha mtaa: mtu mwenye nia mbaya anahitaji kimoja tu. Wanaoonekana kwenye kamera waombe ruhusa kabla, na mtoto hawezi kuitoa ruhusa hiyo kwa niaba yake mwenyewe.

Kuhusu fedha, kwa sasa acha. YouTube wanafungua baadhi ya njia za mapato ukifika wafuatiliaji 500, pamoja na masharti ya saa za kutazamwa, na mgawo wa matangazo ya biashara unasubiri 1,000. Ukifikia huko utakuwa umeshazoea kamera, na hesabu hiyo utaifanya vizuri zaidi.

Baada ya kuzima

Kwanza hakikisha umezima kweli. Kwenye baadhi ya majukwaa kusimamisha OBS hakufungi laivu, lazima uifunge na kwenye ukurasa wa jukwaa. Iangalie kwa ile simu ya pili kabla hujasema neno lolote kuhusu watazamaji wako.

Kisha tazama rekodi kesho yake, si usiku huo huo ukiwa bado una joto la kipindi. Dakika 10 za mwanzo zitazame zote, halafu fungua grafu ya watazamaji utafute pale mstari unapoanguka ghafla. Rudi hapo uone ulikuwa unafanya nini. Kwangu karibu kila mara nilikuwa nimeinama natafuta kitu. Sasa kabla ya kipindi napanga mezani kila kitakachoguswa, kwa mpangilio wa kutumika.

Mwisho, kata zile dakika za "Tunaanza hivi punde", na kama rekodi iko YouTube, andika sura kwenye maelezo: muda na jina la sehemu, kila moja mstari wake. Ya kwanza lazima ianze 0:00, ziwe tatu au zaidi, na kila moja isipungue sekunde 10. Chini yake andika siku na saa ya laivu inayofuata.